Bwana Puu na Mwendo wa Salumu

Watu wa Dunda, mtaa wetu hapa Bagamoyo, wananiita mdaku, na sikatai. Cherehani yangu nimeiweka barazani, inatazama njia, na miaka yote hii nimejua nani anatoka wapi na anakwenda kwa nani. Kuna wanaoona ni aibu. Wao wafunge milango yao. Mimi jambo nisilolijua huninyima usingizi, na hakuna lililoninyima usingizi kama hili la jirani yangu Mbaruku Majaliwa: mtu yule alijifunza wapi kuanguka?

Mbaruku alikuwa mpaka chokaa. Nyumba nyingi za Bagamoyo zilizong'aa siku ya Idi zilipita mikononi mwake. Alikuwa mrefu, mwembamba, masikio yamechomoza, na mpole kiasi kwamba akikusalimu ilibidi umsogelee ndipo usikie. Lakini kuanzia mwaka wa 1963, kwa miaka kumi hivi, mpole huyo huyo alionyeshwa kwenye sinema. Kutoka Tanga hadi Tabora walimwita Bwana Puu, kwa kuwa kila alipoanguka watazamaji walisema kwa pamoja, "Puu." Picha zake hazikuwa na sauti. Sauti tuliitia sisi.

Aliyemwingiza katika kazi hiyo ni Bwana Pinto, Mgoa wa Dar es Salaam mwenye kamera moja ya sinema na gari bovu. Alikuja Bagamoyo kupiga picha za harusi kwenye nyumba moja ya wenye uwezo. Mbaruku alikuwa bado anamalizia ukuta wa uani, maana harusi zetu hazijapata kusubiri chokaa ikauke. Kipandio cha ngazi kikakatika. Mbaruku akashuka na ndoo, ndoo ikamvaa kichwani, akazunguka mara mbili akipapasa hewa, akakanyaga sinia la pilau na kwenda chini chali. Kisha akasimama, ndoo ikiwa bado kichwani, akainama kwa adabu na kumwamkia baba wa bibi harusi shikamoo. Alikuwa anauamkia ukuta.

Pinto alimwacha bibi harusi amekaa na madaha yake, akaenda kumuuliza Mbaruku kama angeweza kuanguka tena.

"Vilevile," akauliza Mbaruku, "au vizuri zaidi?"

Tangu hapo Pinto alikuwa akija kila baada ya miezi michache. Picha zilikuwa za dakika kumi, kumi na tano, zikionyeshwa mjini kabla ya picha kubwa au zikizungushwa vijijini kwa gari lenye jenereta. Chalinze alianguka kutoka juu ya lori hadi kwenye magunia ya unga. Lugoba alikimbizwa na bata mzinga mpaka ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe. Alianguka kwenye baiskeli, kwenye punda, kwenye dirisha, na mara moja alianguka kutoka kitandani, akapita mlangoni, akateremka ngazi na kuishia kwenye karai la mama muuza maandazi, pasipo kuamka. Na kesho yake utamwona juu ya ngazi yake, mzima, anapaka chokaa.

Mimi nilikuwa namshonea suruali za kazi. Kwa hiyo siku moja alipoleta suruali ya Bwana Puu niitie kiraka, niliigeuza ndani nje, nikaipekua mshono kwa mshono nikitafuta pamba, au ngozi, au kitu chochote kilichofichwa makalioni. Nilipoinua macho, mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu.

"Umeona nini, dada Mardhiya?"

"Sijaona kitu, na ndicho kinachonikera," nikamwambia. "Kaa hapo unieleze. Huumii?"

Akacheka kwa sauti yake ndogo, akakaa. "Ardhi ni mtani wangu," akasema. "Ananipiga, hanichukii. Nami nikimwangukia simchukii. Anayeumia ni yule anayeanguka kwa hasira."

Nilidhani ananitania, kumbe ndilo lilikuwa jibu lenyewe. Babu yake Mbaruku alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyeshuka na mizigo hadi Bagamoyo, akaona hana sababu ya kurudi. Na Mnyamwezi kwetu pwani ni mtani. Mtani anaweza kuingia kwako akala chakula chako, akakutukana juu yake, nawe ukikasirika wewe ndiye mkosa. Lakini kazi yake kubwa ni msibani. Siku ya maziko mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anakohoa kikohozi chake, mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Wengine huzuia jeneza lisitoke. Baba yake Mbaruku, mzee Majaliwa, alikuwa na mtindo wake mwenyewe: alijiangusha ndani ya kaburi tupu, akalala humo akidai kwamba marehemu amemwachia zamu, asitoke mpaka apewe kuku.

"Na mimi nilikuwa naye," Mbaruku akaniambia. "Kila msiba. Kaburi lina kimo cha mtu, dada, na chini hakuna godoro. Ukiangukia makaburi ya watani wako miaka ishirini, lori la Chalinze ni kama kushuka kitandani."

Usiku ule nililala vizuri.

Sasa nimtaje Salumu Mwishehe, kwa maana bila yeye habari ya Mbaruku haina kichwa wala miguu. Salumu alikuwa fundi baiskeli, Mkwere wa pwani hii kwa baba na kwa mama, mume wa shoga yangu Adija. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, akitembea aliuzungusha kwa nje, akautua taratibu, huku mkono wa kulia umeishika kofia yake ya vitobo kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya. Na juu ya kanzu, jua liwake lisiwake, alivaa koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote. Alikuwa mtu wa kujiheshimu mno. Watoto waliokuwa wakimzomea kila mtu hawakumzomea Salumu.

Yeye na Mbaruku walikuwa watani wa kufa na kuzikana, na nasema hivyo kwa maana yake halisi. Asubuhi Mbaruku akipita kwenye banda la baiskeli humkuta Salumu ameinama, humwambia, "Bado hujafa tu?" Salumu hujibu bila kuinua kichwa, "Nakungoja wewe ununue kanzu, usije ukanizika na suruali yenye chokaa." Hapo ndipo siku yao ilipoanza. Baiskeli zote alizoziangusha Bwana Puu kwenye picha zilikuwa za Salumu, na Salumu ndiye aliyezinyoosha baadaye.

Mara moja Pinto alitaka Salumu naye aingie kwenye picha, aanguke kidogo tu, mara moja. Salumu akakataa mbele za watu, lakini faraghani akamwomba Mbaruku amfundishe. Walifanya hivyo uani kwa Salumu, mlango umefungwa, na shahidi alikuwa Adija peke yake, anachambua mchicha. Mbaruku alimwonyesha mara nne, tano. Zamu ya Salumu ilipofika, Salumu alitazama nyuma aone kama kuna mavi ya kuku. Akakusanya kanzu yake kwa mkono wa kushoto isichafuke. Akashusha mkono wa kulia, akapapasa ardhi, akaipangusa. Halafu akaketi. Akainua uso na kumuuliza Mbaruku kwa dhati kabisa, "Hivi?"

Mbaruku alicheka mpaka akashika ukuta. "Hivyo hivyo, mtani," akasema. "Usibadilishe kitu."

Salumu hakuingia kwenye picha. Na habari ya somo lile haikutoka nje ya ua ule. Hata mimi, na udaku wangu, sikuipata ila baada ya miaka mingi.

Balaa lilianzia Chalinze, mwaka wa 1971. Asubuhi ya safari kulikuwa na mvua, na Mbaruku aliondoka na shati moja. Alipopita bandani Salumu alivua koti lake akampa, pamoja na kofia, akimwambia akivirudisha vina tope atamzika yeye kwanza. Sasa, katika picha ya siku hiyo, Bwana Puu anamkimbia mama mkwe wake, na ili asitambulike anajifanya mtu mkubwa anayepita njia. Pinto akamwambia, "Tembea kama mtu mwenye heshima zake." Mbaruku akalifunga lile koti vifungo vyote. Akavaa kofia, akaishika kwa mkono wa kulia. Akazungusha mguu wa kushoto kwa nje, akautua taratibu.

Mwaka uliofuata picha ililetwa Bagamoyo. Ilionyeshwa alasiri kwenye ukumbi, madirisha yamezibwa magunia, na mji mzima ulikuwa mle ndani, joto la kufa. Salumu alikaa safu ya tatu na mkewe. Mimi nilikuwa nyuma yao. Mbaruku alikuwa amesimama karibu na mlango, kama kawaida yake, maana hakupenda kujitazama, alipenda kututazama sisi.

Lile koti lilipotokea ukutani, watu walinyamaza kwanza. Halafu mtu mmoja akasema, "Salumu." Halafu ukumbi mzima, "Salumu, Salumu," watu wanagongana mabega kwa kicheko, wanawake wanajifuta macho. Na mimi nilicheka. Niseme kweli, nilicheka kuliko wengi, na mpaka leo naona haya. Salumu aliinuka. Akashika kofia yake kwa mkono wa kulia akaelekea mlangoni, na kwa kuwa hakuwa na mwendo mwingine, alitembea mwendo wake, huku Salumu mwingine anatembea vilevile ukutani juu ya vichwa vyetu. Watu wakacheka upya, wakidhani ameshirikishwa.

Kesho yake, asubuhi na mapema, Mbaruku alikwenda bandani. Cherehani yangu haikuwa mbali na banda lile, na siku hiyo sikuipiga kabisa, nisije nikapitwa na neno.

"Bado hujafa tu?" akaanza Mbaruku.

Salumu alikuwa anatia kiraka tairi la ndani. Safari hii aliinua kichwa. "Mtani, mtu hutembezwa vile mara moja. Ndani ya koti lake, mbele ya watu wake. Siku gani?"

Mbaruku akashika usukani wa baiskeli iliyoegemezwa hapo.

"Nakuuliza. Siku gani?"

"Siku ya maziko yake."

"Basi umeshanizika," akasema Salumu. "Kazi uliyokuwa nayo kwangu umeimaliza. Nikifa usije."

Mbaruku akacheka, kama mtani anavyotakiwa kucheka, kisha akangoja mwenzake acheke. Salumu akarudi kwenye tairi lake. Mbaruku alisimama pale muda mrefu, kicheko kimebaki usoni hajui akiweke wapi.

Hapo ndipo nilipopata jambo jipya la kunikosesha usingizi. Je, Salumu alikasirika kweli? Kwa watu wengine ungejua mara moja. Lakini mtani hakasiriki na mtani, na mtani humwambia mtani "nikifa usije" kila siku ya Mungu, na hakuna anayeugua. Idi ilipofika Mbaruku alikwenda kubisha hodi. Adija akatoka akasema, kwa aibu, kwamba mumewe hayupo. Sauti ya Salumu ikatoka ndani: "Mwambie nimekufa. Alinizika yeye mwenyewe." Idi iliyofuata, jibu likawa lile lile. Huo ni mzaha au ni chuki? Nilimuuliza Adija. Akasema, "Shoga, mimi nalala naye chumba kimoja na sijui."

Mbaruku alimwomba Pinto akikate kile kipande. Pinto akamwambia nakala ziko Tabora na Mwanza, zinachekesha watu. Mwaka wa 1973 Pinto akahama nchi, na picha zake sijui aliondoka nazo au zilioza wapi. Bwana Puu akaishia hapo. Mbaruku akabaki na ngazi na ndoo. Watoto walimwomba aanguke, akawapa pipi badala yake. Watu wakasema kiuno kimemvunjika. Wajinga hao. Mimi nilikuwa namwona akipita mbele ya banda kila asubuhi, midomo yake ikifunguka kusema "Bado hujafa tu?" na kufungika tena.

Siku moja nilishindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini, kati ya miendo yote ya dunia, alichukua ule.

"Niliambiwa nitembee kama mtu mwenye heshima zake," akasema. "Namjua mmoja tu, dada."

Nilimwambia aende akamweleze Salumu hivyo hivyo. Akatikisa kichwa. Alisema mtani akianza kujieleza basi si mtani tena, na yeye hakutaka kuwa mtu mwingine kwa Salumu.

Salumu alifariki mwezi wa Novemba, 1975, kwa homa ya siku tatu. Nilikuwa chumbani na Adija, mimi na wanawake wengine, dirisha la chumba linatazama uwanja wa mbele walikokaa wanaume. Jeneza lilikuwa limeshawekwa tayari kutolewa. Adija hakulia. Alikuwa amekaa mkekani, mgongo umenyooka, macho makavu tangu alfajiri, na mama yake, bibi Sihaba, alikuwa ananong'ona kwamba mjane asiyelia huugua.

Mara nikasikia uwanja mzima umenyamaza. Nikachungulia. Mbaruku alikuwa anaingia, amevaa kanzu mpya, nyeupe, bado ina mikunjo ya dukani. Mdogo wake marehemu, Mgeni, akasimama mbele yake.

"Kaka alisema usije."

"Nimesikia," akasema Mbaruku. "Naomba koti lake na kofia. Mimi ni mtani wake."

Mgeni akageuka kututazama dirishani, hajui afanye nini. Adija akaniita. "Mwambie," akasema, sauti yake imekauka, "marehemu juzi aliniambia: akija, msimpe koti wala kofia."

Nikayasema hayo dirishani kama nilivyoyapokea. Mbaruku akainua uso.

"Alisemaje? Akija?"

"Akija," nikamjibu.

Akarudia neno hilo peke yake, kwa sauti ndogo. Nami pale dirishani nikafahamu lililomfika. Miaka mitatu alikuwa amelibeba lile "usije," na kumbe mgonjwa kitandani alikuwa anahesabu kwamba atakuja, hata akamwekea kikwazo, kama watani wanavyowekeana. Koti hana. Kofia hana. Mwendo ameshautumia, na kila aliyekuwepo uwanjani pale aliwahi kuucheka. Mwalimu Kitwana, aliyekuwa aongoze sala, akakohoa kuonyesha kwamba muda unapita. Wabebaji wakainama kushika jeneza. Mtani akishindwa hapo, maiti huondoka kimya, na aibu hiyo Mbaruku angezeeka nayo.

"Anafanya nini?" akaniuliza Adija kutoka mkekani.

"Amesimama tu," nikasema. "Mbele ya jeneza. Watu wanangoja aanguke." Na kweli walikuwa wanangoja, wengine wameshafungua midomo kusema puu.

"Sasa?"

"Anatazama nyuma yake. Sijui anatafuta nini chini."

Adija akageuza kichwa.

"Anakusanya kanzu," nikaendelea, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nakiona na sikukielewa. "Kwa mkono wa kushoto. Anashusha huu mwingine. Anapapasa ardhi. Shoga, anaipangusa."

Nikasikia kitu nyuma yangu, nikadhani ni kilio. Nilipogeuka, Adija alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga na mabega yanamtetemeka, na machozi yale yaliyokataa tangu alfajiri yalikuwa yanamwagika hadi shingoni. Alikuwa anacheka. Mama yake alimshika mkono akidhani amerukwa na akili.

"Ameketi," nikasema. "Ameketi tu, jamani. Analitazama jeneza. Anasema..." Nikatega sikio. "Anasema, 'Hivi?'"

Adija aliinuka kutoka mkekani, akaja dirishani akanisogeza kando. Mjane hasemi mbele za wanaume siku kama ile, sote tunajua. Akafunua kanga usoni.

"Hivyo hivyo, shemeji," akasema, na uwanja wote ukamsikia. "Usibadilishe kitu."